Mtihani wa Swaib kwa Simu

Jumanne, tarehe 8 Aprili 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mvua ilianguka juu ya mabati ya Mbuya kwa adabu kubwa, bila kelele yoyote, na Hajji Fadhul aliipenda kwa sababu hiyo. Alikuwa ameketi wima, koti limefungwa vifungo vyote, simu mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa mbele ya jopo la walimu.

Simu ikatetemeka. Akaiweka kwenye spika, akapandisha sauti mpaka mwisho.

Aliyepiga alikuwa Ayoo, muuguzi wa watoto katika kliniki moja huko Ntinda. Kazi yake ilikuwa kuwapigia wazazi na walezi, kuwauliza maswali kumi, na kupima kama mtoto anakua kulingana na umri wake. Mtoto mwenyewe, Swaib, mwenye miaka miwili na nusu, alikuwa mkekani akipanga vifuniko vya chupa.

Hajji ndiye aliyeomba apigiwe. Kwa miezi minne alikuwa akishinda na mjukuu huyu, mama yake Halimah akiwa dukani Nateete, na kwa miezi minne hakusikia kutoka kwake hata neno moja. "Baba, huyu anasema kutwa kucha!" Halimah humwambia kila jioni, kwa ile tabia yake mpya ya kupayuka ndani ya nyumba. Hajji alimsamehe. Mama gani atakiri kasoro ya mwanawe?

Lakini muhula ujao Swaib alitakiwa kuanza chekechea. Mtoto asiyesema, katikati ya watoto thelathini! Hajji alikuwa kiranja mkuu wa bweni lake enzi hizo, na alijua vizuri wanafunzi humfanya nini mwenzao asiyeweza kujitetea kwa ulimi. Kama kasoro ipo, na ijulikane leo, itibiwe. Tangu Ijumaa hakuwa amepata usingizi wa maana.

"Hajji, mvua hiyo ni kubwa! Tuendelee au nipige baadaye?"

"Ni manyunyu tu, binti. Endelea."

"Mtoto anakula mwenyewe?"

"Kura?" Hajji alikunja uso. "Ana miaka miwili na nusu. Hata kitambulisho hana."

"Kula, Hajji. Chakula!"

"Basi sema kula. Nyinyi watu wa Kampala mnaichinja lugha hii mchana kweupe. L ni l, r ni r. Shuleni kwetu aliyezichanganya alifyeka uwanja mzima peke yake."

"Mimi ni mtu wa Gulu, Hajji. Kwetu hatuzichanganyi."

"Basi Kampala imekuambukiza. Andika: anakula mwenyewe, na kijiko anakishika vizuri kuliko wajomba zake."

Ayoo aliandika, akaendelea.

"Ukimwambia akuonyeshe pua, anaonyesha?"

"Mvua? Ameshaiona. Iko dirishani."

Ayoo akapandisha sauti.

"Pua, Hajji. Pua ya usoni!"

"Unaona? Ni ugonjwa ule ule wa herufi," alisema Hajji, kwa huruma ya mwalimu aliyeshindwa na darasa. "Swaib! Pua!"

Mtoto akagusa pua yake, midomo ikimchezacheza, kisha akarudi kwenye vifuniko vyake.

Walisonga hivyo, swali baada ya swali, muuguzi akirudia, Hajji akimsahihisha. Walipofika la saba, halikuhitaji kurudiwa. Hajji alikuwa amelingoja tangu alfajiri.

"Anaunganisha maneno mawili? Kama 'leta maji'?"

"Hapana." Hajji alisogeza simu mdomoni. "Hasemi hata moja. Hunijia, hunitazama usoni, hufungua mdomo kama mwenye swali zito, kisha hakuna kitu. Andika hivyo hivyo, binti. Usinionee haya. Mimi sikufundishwa kudanganya katika mtihani, na huyu mtoto ndiye wa mwisho ambaye ningemdanganyia."

Ayoo sasa alitamka neno moja moja kwa sauti ya gwaride, ambayo Hajji aliisifu moyoni. Kumbe kurekebishwa kulikuwa kumemfaa.

"Hajji! Weka simu mkekani, karibu na mtoto. Usiseme lolote mpaka nikutumie ujumbe!"

Amri ni amri. Aliiweka simu mkekani, akarudi kitini, akakunja mikono.

Swaib aliisogelea simu, akaiinamia kama fundi wa saa. Akagusa sikio lake. Akagusa goti. Akainua vifuniko viwili, kisha cha tatu. Mara akasimama, akaja mpaka miguuni pa babu yake, akamtazama usoni, akafungua mdomo, akaufunga, akarudi mkekani. Baada ya kitambo akaja tena, vile vile. Alipokuja mara ya tatu, Hajji aligeuza uso upande wa dirisha, ili mtoto asiyaone macho yake.

Simu ikamulika. Hajji akaiokota, akavaa miwani, akasoma:

"Hajji, Swaib amejibu maswali yote kumi mwenyewe, tena kwa sauti. Aanze shule. Katikati ya maswali aliniacha mara tatu akaja kukuamkia, 'Asalamu alaikumu, Babu,' na mara zote tatu hukumwitikia. Wewe tunakungoja Alhamisi, saa nne, kitengo cha masikio."

Hajji Fadhul alivua miwani, akapiga magoti mkekani, akamtazama mjukuu wake midomoni, akaitikia salamu zote tatu.