Karai Lililosuguliwa

Mwanaidi alilitua karai la marehemu mumewe juu ya kaunta ya duka la Wachina. Miaka ishirini lilikaanga tambi, jeusi tii. Yeye, kabla ya kuufungua tena mgahawa wa mumewe, alilisugua kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa. Sasa kila tambi inaganda.

"Nipe jipya, Mama Lin."

Mwenye duka alilipapasa karai, akaguna. "Jipya nalo litagandisha, mwanangu. Weusi ule ndio uliokuwa ukizuia tambi zisigande."

"Unarudije?"

"Mafuta, vitunguu majani na moto. Kila siku, kwa miaka."

Mwanaidi akachukua chupa ya mafuta na fungu la vitunguu majani.

"Jiko lako liko wapi? Naanza sasa hivi."

Moshi ulipotulia, katikati ya karai palikuwa na doa jeusi, dogo kama ukucha.