Rangi ya Shekue
Siku hizi sheria ni moja kwa kila nyumba: picha ya aliye hai hutundikwa ukutani kwa rangi, ya marehemu kwa nyeusi na nyeupe. Shekue alikwenda kufanya kazi mwezini, akawa kimya. Mkewe, Tatu, alipopata mchumba mwingine, aliifungua picha ya Shekue kwenye kompyuta, akaiondoa rangi yote, akaitundika tena. Hakuna aliyeuliza.

Kisha mama mkwe wake akaja bila taarifa. Alipouona ukuta, aliketi sakafuni akilia.

"Mwanangu mmemzika wapi?"

Majirani walisikia kilio, wakaanza kuingia na mikeka. Tatu alitamani ardhi immeze.

"Hajafa, Mama," alisema mbele yao wote. "Nilichoka kumngoja."

Mama alijifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Basi mrudishie rangi yake."

Tatu aliwasha kompyuta. Picha ya awali alikwisha kuifuta, ikambidi apake rangi upya kwa kukisia. Akaanza na ngozi.

"Siye huyo," alisema Mama.

Akaikoleza kidogo. Majirani wakatazama chini.

"Mkwe wangu," Mama aliuliza kwa upole, "hivi uliwahi kumtazama mwanangu?"

Tatu aliendelea kutafuta rangi, asithubutu kuinua uso.