Bibi Harusi wa Kilo Arobaini na Sita

Jumamosi hiyo Joviana alipimwa kwenye mizani ya kahawa, kati ya gunia la jirani yao Byabato na gunia la Mzee Mutalemwa. Mizani ikasoma kilo arobaini na sita. Gunia la Byabato lilimzidi, na Byabato hakuificha furaha yake.

Aliyempeleka kupimwa ni Shangazi Dativa, dada wa marehemu baba yake, aliyekuja Muleba kutoka Miembeni kwa kazi moja tu: kumlisha bibi harusi. Ukoo ulikwisha kumkabidhi mabibi harusi saba, na wote saba waliingia kanisani na mashavu. Yake mwenyewe yalikuwa mashavu hasa, yamejaa mpaka chini ya masikio, na akina mama wa jumuiya waliyasifu mbele ya mabinti zao. Yeye hakupanda mizani. Alisema mizani ni ya watu ambao hawajaolewa.

Mumewe, Gozbert, mwenye duka mjini, alizoea kuwaambia wateja kwamba mkewe akishuka kwenye gari, dereva anatoa sadaka ya shukrani. Wateja walicheka. Shangazi alicheka kuliko wote, kisha akaenda kumwomba fundi apunguze gauni lake kidogo kiunoni.

Joviana alikuwa mwembamba kama alivyokuwa baba yake, basi. Alifundisha shule ya msingi huko Ngenge, alikula, akishiba anaacha. Kosa lake lilikuwa hilo la kuacha. Sasa asubuhi alipewa maziwa, mchana ndizi kwa maharage, jioni ndizi kwa samaki, na katikati shangazi alimfuata na bakuli la senene, wale panzi wa kukaanga, kama muuguzi wa zamu.

Siku ya nne mama yake, Renatha, alikuta matapishi nyuma ya mibuni ya uani, yamefunikwa na majani makavu ya mgomba. Alifanya ishara ya msalaba, akampeleka bintiye zahanati kupima mimba. Mimba haikuwapo. Kesho yake matapishi yalikuwapo tena.

Ndipo shangazi akatoa elimu. Kuna ugonjwa, alisema, wa wasichana wanaojiona wanene hata wakiwa ufito. Wanakula mbele za watu, kisha wanakwenda kujitapisha kwa siri. Hunywa maji mengi kwanza ili chakula kitoke kwa urahisi, huingiza vidole viwili, halafu hutafuna karafuu kuondoa harufu. Renatha alishangaa wifi yake amesomea wapi yote hayo. Akauliza mgonjwa anajulikanaje.

"Humtafuti mbali," shangazi akajibu. "Unamtazama aliyekonda."

Joviana alisema si yeye. Akaulizwa, kama si yeye ni nani. Alifungua mdomo, akamtazama shangazi, akaufunga. Shangazi huyo ndiye aliyemsomesha tangu baba yake afariki, na mtu aliyekusomesha humbishii mbele ya watu. Nyumba nzima ikaridhika kwamba amekiri.

Byabato naye hakulala na habari. Baada ya wiki moja ilikwisha kufika Bukoba, kwa wazazi wa Avit, kwamba mchumba wa kijana wao ana ugonjwa wa kukataa chakula. Joviana alimpenda Avit kwa moyo wake wote, na aliogopa. Wazee wakatuma ujumbe kwamba watakuja Jumapili kumwona binti kwa macho yao. Wakimkuta mgonjwa, uchumba umekwisha.

Jumapili shangazi alipanga mambo kama kamanda. Joviana alilishwa kabla ya wageni kuingia, kisha akafungiwa chumbani na sahani ya pili, kufuli nje, nondo dirishani, ili chakula kikae tumboni mpaka aitwe. Ufunguo alikabidhiwa Renatha, aufunge kwenye pindo la khanga yake. Joviana hakubisha. Aliomba tu asimulie jambo moja kwa mama yake, lakini wageni walikuwa wanapiga hodi.

Walikuja wanne, wakiongozwa na Mzee Rugaibula, mtu wa kusema kidogo. Wakakaribishwa mezani. Shangazi Dativa alikula nao ili waone jinsi watu wa nyumba hii wanavyokula. Alimaliza sahani ya kwanza, akaongeza, akamaliza, akashushia na jagi zima la maji huku akiwaeleza kwamba yote wanayosikia ni umbea wa watu wa mizani. Kisha akainuka, akasema anakwenda kusikiliza mlangoni kama binti ametulia.

Hazikupita dakika tano. Kutoka nyuma ya mibuni ilisikika sauti ya mtu anayetapika, mara ya kwanza kwa kujizuia, mara ya pili bila kujizuia. Hakuna aliyeendelea kutafuna. Mzee Rugaibula aliweka kijiko chini, akajifuta mikono polepole.

"Waitu, ndugu zetu, tulikuja kumwona binti," alisema. "Tumekwisha kumsikia."

Wenzake wakaanza kutafuta kofia zao. Renatha aliona harusi ya mwanawe ikitoka mlangoni na wale wazee. Aibu na hasira vilimpanda pamoja. Alikimbia ukumbini mpaka chumbani kwa Joviana, wageni wakimfuata kwa macho, akiwa tayari kumburuta mtoto huyo aje aombe radhi.

Kufuli lilikuwa limefungwa. Ufunguo alikuwa nao mwenyewe.

"Mama," sauti ya Joviana ikasema taratibu kutoka ndani, "mpelekee shangazi maji."