Neno Lililomsumbua Somoe

"Eleza taratibu, mama, mimi nitamtafsiria," Somoe aliniambia, kizibao kipya cha kampuni kifuani.

Nikamweleza yule mzungu, bosi wao. Tangu wamwage maji yao machafu hapa Kitaya, mikorosho yangu yote imekauka. Nikamshikisha tawi. Likavunjika mkononi mwake kama njiti ya kiberiti.

Akamgeukia mwanangu, akauliza kitu. Somoe akacheka kidogo.

"She exaggerates," akamjibu.

Kiingereza sikijui, lakini neno hilo nalijua. Ndilo lililomsumbua Somoe kuliko yote alipokuwa kidato cha nne. Jioni zile nabangua korosho jikoni, mafuta ya maganda yananiunguza vidole, kamusi iko wazi mbele yangu. Nasoma, "Kutia chumvi," anitajie Kiingereza chake, naye anakosa. Tulilirudia mpaka likanikaa mimi kabla yake.

Mzungu akalitupa lile tawi, akaelekea kwenye gari.

"Umemwambia nini?"

"Kama ulivyosema, mama. Kwamba mikorosho yote imekauka."

Vidole vyangu bado vina makovu. Nikavikunja, nikamtazama usoni.

"Kutia chumvi," nikasema, kwa sauti ileile ya jikoni, nikangoja anijibu.