Cherehani Haitoki

Wanaume wanne walikuwa wameishika cherehani, kila mmoja na kona yake, na hawakuweza kuitoa nje kwa sababu mwenyewe alikuwa ameikalia. Alikuwa amepanda juu ya meza yake, amekunja miguu, anashona vifungo vya shati la mteja kwa sindano ya mkono kana kwamba yuko peke yake chumbani.

"Shuka, mwanangu," alisema mama mkwe wake kutoka mlangoni. "Tusiaibishane mbele za watu."

"Watu umewaita wewe, mama."

Na kweli, watu walijaa mpaka barabarani. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu ilikuwa kitu kigeni. Mtaa mzima ulikuwa na hiyo moja tu, na habari iliyovuma ni kwamba inakausha kizazi. Mtikisiko, walisema, unaanzia kwenye nyayo, unapanda magotini, na ukifika kwenye mji wa mimba unausagasaga. Kila mtu alikuwa na jirani wa shangazi yake aliyeikanyaga mara moja akaharibikiwa. Jirani mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona.

Tabibu wa zahanati alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili, alipoona anacheka peke yake, alikunja uso akasema jambo hilo linawezekana. Mafundi wa kushona kwa mkono walimuunga mkono haraka sana, na sababu unaijua. Magauni ya mshonaji huyu watu waliendelea kuyavaa; gauni, walisema, halina kosa.

Mwenye kosa ni yeye. Si ameolewa na seremala miaka chungu nzima, na nyumba haijasikia kilio cha mtoto mchanga? Kwamba cherehani yenyewe iliingia mwaka jana tu, hesabu hiyo hakuna aliyejisumbua kuipiga.

"Ulikuja kwangu mjane, umemshika binti yako mkono," mama mkwe aliendelea. "Nikafurahi. Nikasema huyu kizazi chake kinafanya kazi, atanipa wajukuu. Sasa tazama, chuma hiki kimekumaliza. Kitoe, uzae."

"Hakitoki."

"Basi ujue namtafutia mwanangu mke wa pili. Na wewe na chuma chako mtajua pa kwenda."

Mshonaji alimtazama mumewe. Seremala alikuwa ameegemea ukuta, vumbi la mbao kwenye nywele, anaangalia vidole vya miguu yake. Kumsimamisha mbele ya watu ilikuwa ni kumtesa.

"Iuze tu, mke wangu," alisema polepole. "Mimi sitaki mke wa pili. Nataka tukae kwa amani."

Maneno hayo yalimchoma kuliko vitisho vya mama mkwe. Aliuma uzi, akaliweka shati pembeni.

"Sasa nisikilizeni, maana sitarudia," alisema. "Hii ni cherehani yangu. Kama inanikausha, nakauka kwa hiari yangu. Nitaikanyaga asubuhi, nitaikanyaga jioni, na mlango nitauacha wazi ili mhesabu wenyewe. Mkitaka kuitoa, itoeni na mimi nikiwa juu yake, na mjue nitapiga mayowe ya mwizi njia nzima."

Akaruka chini, akavuta kigoda, akaanza kukanyaga. Gurudumu likalia chumba kizima. Wanawake waliokuwa mbele walishika matumbo yao wakarudi nyuma kwa kusukumana. Wale wanaume wanne nao, ambao mmoja wao alikuwa anaoa wiki iliyofuata, wakaachia kona zao na kujifuta mikono kwenye suruali.

"Mwanamke huyu hafai," alisema mmoja.

"Masikini mwanangu," mama mkwe alilia. "Mwanamume mzima, mzima kabisa, kaangukia mke mkaidi."

"Pole, bwana seremala," wakasema watu. "Pole sana. Umepata mtihani." Wakamshika mkono, wakatoka naye. Mshonaji hakuinua kichwa. Alikanyaga mpaka pindo lote likaisha, na machozi yalipomtoka aliyafuta kwa kile kitambaa kilichobaki.

Aliyebaki nyuma ni muuza mkaa, shoga yake wa siku nyingi. Aliusukuma mlango ukafungika.

"Shoga, leo wangekuumiza," alisema. "Mimi nimechoka na uongo huu. Niache nikawaambie kwamba haya maneno ya cherehani kukausha kizazi ulinituma wewe niyatembeze sokoni."

Mshonaji alichungulia dirishani. Ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi, mumewe alikuwa amesogezewa kiti katikati ya wanaume. Mmoja alimpigapiga bega, mwingine alimpa chai. Walikuwa walewale ambao, kabla ya uvumi huu, walimwita Mti Mkavu, hadi akawa anarudi nyumbani kwa kupitia uchochoroni.

"Ukithubutu, urafiki wetu umekwisha," alisema. "Na yule mama akileta huyo mke wa pili, wewe waambie cherehani inakausha nyumba nzima, hata asiyeikanyaga."