Kaa Aliyetandika Plastiki

Mikokoni aliishi Kaa mmoja, mama wa watoto watatu, aliyeogopa maradhi kuliko alivyomwogopa pweza. Jirani yake Kamba alipougua, Kaa alimzuia mlangoni.

"Uniwie radhi, jirani. Nina watoto."

Lakini kila maji yalipojaa yalileta chembe za plastiki, nyekundu na za buluu, na hizo Kaa alizipenda. Alizikusanya akazitandika pangoni, watoto wakawa wanalala juu yake.

Mwezi haukwisha, wote watatu wakashikwa na homa. Kaa akamwita mganga Kasa, naye akawapa mwani uleule uliomponya Kamba. Haukufaa kitu. Homa ilizidi, na kitinda mimba akafa.

Kasa akaokota chembe moja, akaipapasa. Ilikuwa na utelezi.

"Vijidudu vimefanya makazi hapa," akasema. "Chembe hizi zimepita kwenye maji machafu ya mjini yenye mabaki ya dawa. Vijidudu vimezionja dawa kidogo kidogo, vikazizoea, vikafundishana. Ndiyo maana mwani wangu hauviui."

"Nilimfungia mlango Kamba," Kaa akasema taratibu, "nikayaingiza maradhi kwa mikono yangu."

Akazibeba chembe zile ili azitupe mkondoni. Kasa akamzuia.

"Huko yanakoelekea maji kuna watoto wa wenzio."

Kaa akaanza kuzipandisha nchi kavu, mbali na yanapofika maji, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa. Siku ya kumi, watoto wawili waliobaki wakaomba chakula.