Kitani cha Bi Kidawa

Mzee Makame alikuwa na hakika kwamba mkewe anaficha mtu chumba cha uani. Kila asubuhi Bi Kidawa huingia humo na beseni la maji, hufunga dirisha, kisha hunong'ona. Yeye, na kikohozi chake chote, hajawahi kunong'onewa hata pole! Leo akasukuma mlango bila hodi, bakora mkononi.

Hakukuta mtu ila mkewe. Alikuta mche wa kitani ndani ya chungu, chungu juu ya kokoto, kokoto ndani ya beseni la maji, na kioo cha dirisha kinatoka jasho kama mla pilipili.

"Funga mlango, bwana wee! Hewa kavu itaniulia mche."

"Na dirisha linalolia hivi?"

"Hilo nitalifungua kidogo. Unyevu ukizidi, mizizi huoza."

"Wa nini wenyewe?"

"Hutoa uzi. Nataka shuka jeupe."

"Kwa mche mmoja?"

"Nitapanda mingine. Sina haraka."

"Shuka la nani, Kidawa?"

Bi Kidawa alimtazama kuanzia utosini hadi unyayoni, polepole, kama fundi apimaye kwa macho. Mzee akakibana kikohozi. Nyuma ya mkewe, ua moja la buluu lilikuwa limefunguka, limemwelekea yeye.